Barua zenu: picha imesema ndiyo, je, mimi ni mgonjwa?

Katika toleo lililopita niligusia kwa aya moja kanuni ya Bayes, nikasema ni hesabu ya kubadili mawazo kwa kadiri ushahidi unavyostahili, si zaidi wala pungufu. Aya hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala zangu zote za mwaka huu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu aliyeiandika hajalala, na mimi usiku wa namna hiyo naujua.

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 50, sina uvimbe wala maumivu. Nilikwenda kupigwa picha ya matiti kwa uchunguzi wa kawaida tu. Juzi nimepewa majibu: kuna kitu kimeonekana, nirudi kwa vipimo zaidi. Nilipouliza nikaambiwa picha hii inawakamata wagonjwa tisa katika kila kumi. Basi nina saratani kwa asilimia 90? Binti yangu analia tangu juzi. – Mama wa watatu*

Marahaba, mdogo wangu. Hapana, si asilimia 90. Kwa mtu asiye na dalili yoyote kama wewe, kwa takwimu zinazotumika kuwafundishia madaktari jambo hili hili, ni kama mtu mmoja kati ya kumi na mmoja. Mpe binti yako barua hii asome, kisha mkae pamoja na daftari.

Nasema daftari kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofanya mimi. Miaka sita iliyopita niliitwa kurudi kama ulivyoitwa wewe. Nilikuwa nimefundisha takwimu nusu ya maisha yangu, lakini bahasha ile ilipofunguka, somo lote lilinitoka kichwani, ikabaki ile "tisa kati ya kumi" ikigonga kama nyundo. Saa saba usiku nikaamka, nikachukua daftari la vijisanduku na penseli nyekundu. Nikapiga mstari kuzunguka vijisanduku 40 kwenda chini na 25 kwenda kando. Hivyo ni vijisanduku 1,000. Kila kimoja nikakihesabu ni mwanamke wa rika langu, asiye na dalili, aliyekwenda kupigwa picha siku moja na mimi.

Katika wanawake 1,000 wa namna hiyo, tuchukue kwamba 10 wana saratani kweli. Nikavipaka rangi nyekundu vijisanduku 10. Vilikaa kwenye kona moja ya ukurasa, vichache mno, na mkono wangu ukaanza kutulia kabla hata hesabu haijaanza. Picha inawakamata tisa katika kumi: nikatia alama ya vema kwenye vyekundu tisa. Lakini picha pia hukosea upande wa pili. Katika kila wanawake 100 wasio na ugonjwa, hudai imeona kitu kwa tisa hivi. Kwangu waliobaki wazima walikuwa 990, na tisa katika kila mia ya hao ni kama 89. Nikaanza kutia vema kwenye vijisanduku vyeupe. Ilinichukua muda. Vema zilijaza safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, zikaingia ya nne.

Nilipomaliza nilikuwa na vema 98 kwenye ukurasa, na tisa tu kati yake zilikuwa juu ya vyekundu. Mimi nilikuwa mmoja wa hao 98, wewe leo ni mmoja wao. Tisa kati ya 98 ni karibu mmoja kati ya kumi na mmoja.

Ile "tisa kati ya kumi" uliyoambiwa si uongo. Ila ni jibu la swali jingine, yaani: ikiwa mtu ni mgonjwa, picha itamwona? Swali lako wewe ni: ikiwa picha imeona kitu, mtu ni mgonjwa? Masikio huyasikia kama swali moja. Wachezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu karibu wote ni warefu, lakini ukipishana na mtu mrefu njiani huwezi kusema huyu lazima ni mchezaji. Warefu wasiocheza ni wengi mno. Na wanawake wazima wanaopigwa picha ni wengi mno kuliko wagonjwa, kiasi kwamba hata kosa dogo kwa upande wao huzaa vema nyingi kuliko zile za kweli.

Usimkasirikie aliyekupa majibu. Gerd Gigerenzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliwapa madaktari 160 wa magonjwa ya wanawake swali hili hili, kwa asilimia. Waliojibu sawasawa walikuwa asilimia 21 tu, na wengi walidhani hatari ni kubwa mno. Kisha wakafundishwa kuacha asilimia na kuhesabu watu, kama tulivyofanya kwenye daftari. Waliopata wakafika asilimia 87. Madaktari ni wale wale na akili zao ni zile zile, kilichobadilika ni namna namba zilivyowekwa mbele yao. Ninaguswa sana na jambo hilo, kwa sababu maana yake ni kwamba machozi ya binti yako yangeweza kuzuiwa na sentensi moja iliyopangwa vizuri.

Sasa nisikilize kwa makini upande wa pili. Kabla ya picha ulikuwa mmoja kati ya mia. Sasa ni mmoja kati ya kumi na mmoja. Hatari imepanda karibu mara kumi, na hiyo ndiyo sababu ya kuitwa. Nenda. Usiahirishe hata siku moja. Kipimo kitakachofuata kitaanzia pale picha ilipokuacha, si pale ulipokuwa mwanzo, na ndiyo maana kikisema ndiyo kitakuwa na uzito mkubwa zaidi. Mwambie pia binti yako kwamba ungekuwa umejipapasa ukakuta uvimbe, nisingekuandikia hivi. Tuseme kati ya wanawake 1,000 wenye uvimbe kama huo, 200 ni wagonjwa. Picha ile ile ingewakamata 180 kati yao, na kati ya wazima 800 ingewasingizia 72. Hapo mwenye vema angekuwa mgonjwa zaidi ya mara mbili katika tatu. Mashine haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali mtu alipokuwa amesimama kabla ya kupimwa.

Hapo ndipo Bayes alipo, kwenye neno "kabla".

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nimesoma ile aya yako na nina wasiwasi. Huo "uwezekano wa awali", yaani namba ya kuanzia kabla ya ushahidi, unatoka wapi? Si ni kubahatisha tu? Mtu mmoja ataanza na namba hii, mwingine na ile, kila mmoja atapata jibu lake. Sayansi gani hiyo? – Mwanafunzi mwenye mashaka*

Mwanangu, umeuliza swali lililowagawa wanatakwimu kwa zaidi ya karne moja, kwa hiyo uko kwenye kundi zuri. Ronald Fisher, mmoja wa walioijenga takwimu ya karne ya 20, aliikataa njia hii waziwazi kwa sababu kama yako. Sitakuambia hoja yako ni nyepesi. Nitakuonyesha tu kwa nini mimi nimebaki upande huu.

Thomas Bayes alikuwa mchungaji wa kanisa huko Uingereza. Alifariki mwaka 1761 bila kuchapisha hesabu hii, na rafiki yake Richard Price ndiye aliyeitoa kwenye karatasi zake ikachapishwa mwaka 1763. Ndani yake kuna meza. Mpira unarushwa juu ya meza tambarare, unasimama mahali fulani, na wewe huoni ni wapi. Kisha mpira mwingine unarushwa mara nyingi, na kila mara unaambiwa kitu kimoja tu: umeangukia kushoto au kulia kwa ule wa kwanza. Ukiambiwa kulia, unasema, aa, basi wa kwanza huenda uko kushoto kidogo. Kulia tena, unasogeza mawazo tena. Kushoto, unarudi kidogo. Baada ya mirusho mingi unajua karibu sana ulipo mpira ambao hujawahi kuuona. Baadaye Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa aliifikia kanuni hiyo kwa njia yake mwenyewe, akaikuza kuwa chombo cha kazi.

Angalia sasa watu wawili kwenye meza hiyo. Mmoja ameanza akidhani mpira uko kushoto kabisa, mwenzake akidhani kulia. Mirusho mitatu, bado wanabishana. Mirusho mia tatu, wanaonyesha karibu mahali pamoja. Ushahidi ukiwa mwingi, humeza makisio ya mwanzo. Ukiwa mchache, watu wataendelea kutofautiana, na mimi naona huo ni ukweli unaostahili kusemwa badala ya kufunikwa. Anayedai kuwa hana makisio ya awali anayo, ila hajayaandika mahali tunapoweza kuyakagua.

Kuna kuanza kwa namna moja tu kusikotibika: kuanza na sifuri. Ukisema jambo haliwezekani kabisa, namba yoyote ya ushahidi utakayoizidisha na sifuri hiyo itakupa sifuri. Hata mpira ukirushwa milele hutasogea. Dennis Lindley, mwanatakwimu wa Uingereza, aliusimamia sana mwiko huo, na mimi wanafunzi wangu huwaandikia juu ya ubao siku ya kwanza: acha nafasi, hata kama ni nyembamba kama uzi.

Na kama unataka kuona "kubahatisha" huko kukifanya kazi, itazame ndege ya Air France namba 447. Tarehe 1 Juni 2009, ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ilianguka kwenye Bahari ya Atlantiki ikiwa na watu 228. Mabaki yaliyoelea yalionekana baada ya siku chache, lakini mwili wa ndege na vinasa kumbukumbu vyake havikuonekana. Walitafuta kwa awamu kadhaa, karibu miaka miwili. Mwishoni wachunguzi wa Ufaransa wakawaita wataalamu wa kampuni ya Metron ya Marekani, nao wakaigawa bahari kuwa vijisanduku, kama daftari langu. Kila kijisanduku kikapewa uwezekano wa awali: ndege zilizoanguka siku za nyuma zilifika umbali gani kutoka mahali pa mwisho zilipojulikana? Mikondo ya maji ilisukuma mabaki kutoka upande gani? Kisha kila mahali palipokwisha kutafutwa pakapunguziwa namba, lakini hapakufutwa, kwa sababu mtafutaji anaweza kupita juu ya kitu asikione.

Kilichonishika mimi ni ukimya. Vinasa kumbukumbu huwa na vifaa vya kutoa mlio chini ya maji ili vipatikane. Eneo la karibu na mahali pa mwisho lilikuwa limesikilizwa mapema, kukawa kimya, na watu wakalihesabu kuwa limekwisha. Wataalamu wakauliza: je, kama vifaa vyote viwili vilikuwa vimekufa? Kama vilikuwa vizima, ukimya ule ni ushahidi mzito kwamba ndege haipo pale. Kama vilikuwa vimekufa, ukimya ule hausemi kitu, maana pangekuwa kimya ndege iwepo isiwepo. Walipoingiza uwezekano huo kwenye hesabu, namba zikarudi kulundikana karibu na pale pa mwanzo. Utafutaji ulipoanza tena mwaka 2011, ndege ilipatikana ndani ya wiki moja hivi, kwenye kina cha karibu mita 3,900, katika eneo ambalo hesabu ililipa uzito mkubwa.

Familia za watu 228 zilikuwa zinangoja. Sijui sayansi gani ingekataa kuwahesabia.

*Mwalimu, hii Bayes inatumika wapi katika maisha yangu mimi nisiyejua hesabu? Jibu kwa kifupi. – Mvivu wa hesabu*

Katika barua pepe zako. Vichujio vingi vya barua taka vilijengwa juu yake: neno kama "umeshinda" huonekana mara nyingi zaidi katika barua za matapeli kuliko za rafiki zako, basi kila likitokea, mizani inaelemea kidogo. Jina la dada yako likitokea, inarudi. Mwishoni mizani ikizidi kiwango, barua inatupwa. Wewe nawe hufanya hivyo moyoni simu ikilia usiku wa manane.

*Mwalimu mwenzangu, salamu. Katika mtihani wa kuchagua majibu, wanafunzi wangu wawili wamekosa maswali saba yale yale, na wamechagua majibu yale yale ya makosa. Nimepiga hesabu: kwa bahati tu hilo lingetokea mara moja katika maelfu. Uongozi unataka kuwafukuza. Nami nimekubali, ila moyo hautulii. – Mwalimu wa darasa la watu 40*

Salama, mwenzangu. Moyo wako uko sahihi kutotulia, na nakuomba uuzuie uamuzi huo mpaka ufike mwisho wa jibu hili.

Mwaka 1999 nchini Uingereza mwanasheria aitwaye Sally Clark alitiwa hatiani kwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Mahakamani daktari bingwa wa watoto alieleza kwamba, katika familia kama ile, mtoto mmoja kufa ghafla usingizini bila sababu kujulikana ni mara moja katika 8,543, kwa hiyo wawili ni namba hiyo mara yenyewe, yaani mara moja katika milioni 73. Namba hiyo ilisikika kama hukumu. Ilikuwa na makosa mawili. La kwanza, ilizidisha kana kwamba kifo cha kwanza hakihusiani na cha pili, wakati watoto wa tumbo moja wanashiriki damu moja na nyumba moja. La pili ndilo linalokuhusu wewe. Watu waliichukua milioni 73 kana kwamba ndiyo nafasi ya mama kutokuwa na hatia. Siyo. Ilitakiwa kuwekwa kwenye mizani na maelezo mengine: ni akina mama wangapi huua watoto wao wawili mmoja baada ya mwingine? Hilo nalo ni nadra kupita kiasi. Mambo mawili yaliyo nadra yanapogombana, huwezi kumhukumu mtu kwa kutaja unadra wa moja tu. Chama cha kifalme cha wanatakwimu cha Uingereza kilitoa tamko la kulalamika mwaka 2001. Hukumu ilifutwa mwaka 2003, ilipojulikana pia kwamba majibu ya maabara kuhusu mtoto wa pili hayakuwa yamewafikia watetezi wa mama huyo. Sally alifariki mwaka 2007. Siwezi kulifundisha somo hili bila sauti kunibadilika.

Turudi darasani kwako. Hesabu yako inajibu: kama hawakunakili, kufanana huku ni nadra kiasi gani? Unachotakiwa kujua ni: kwa kuwa wamefanana, nafasi ya kuwa walinakili ni ipi? Kwa hiyo anza kabla ya ushahidi. Darasa la watu 40 lina jozi 780 za wanafunzi. Kama uliwalinganisha wote mpaka ukaipata jozi hii, uliupa unadra nafasi 780 za kujitokeza. Kama ulikuwa na sababu ya kuwashuku hawa wawili kabla ya kusahihisha, hilo ni jambo jingine kabisa. Nijibu hilo kwa ukweli.

Pili, hesabu yako imechukua kwamba aliyekosa anachagua ovyo. Wanafunzi hawakosei ovyo. Fungua karatasi za wale 38 wengine, swali baada ya swali, uhesabu wangapi walichagua kosa lile lile. Ukikuta 20 wamelichagua, kufanana kwa hawa wawili hapo hakuna uzito. Ukikuta hakuna mwingine hata mmoja, uzito ni mkubwa. Huenda kati ya saba, matano yakaanguka na mawili yakabaki.

Tatu, kuna maelezo ambayo si kunakili wala si bahati. Je, wanasoma pamoja jioni? Wana daftari moja? Wanafundishwa pembeni na mtu mmoja aliyewafundisha vibaya? Wanafunzi wawili waliofundishwa kosa moja wataliandika kosa moja, hata ukiwakalisha vyumba tofauti. Na je, siku ya mtihani walikaa wapi? Kama mmoja alikuwa mstari wa mbele na mwingine wa nyuma kabisa, nafasi ya kunakili inashuka sana kabla hujagusa karatasi zao.

Waombe wakubwa wako wiki moja. Niandikie ramani ya viti, idadi ya waliokosa kila swali kati ya yale saba, na jinsi ulivyowagundua hawa wawili. Nitaihesabu pamoja nawe hapa hapa toleo lijalo, na ikitoka kwamba walinakili, nitaandika hivyo.